Kuanzisha Kikao cha Utamaduni na Falsafa Chuoni: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila muhula unapoanza huulizwa maswali yaleyale. Tunahitaji fedha kiasi gani? Tumwalike nani? Ni lazima tuwe wanafunzi wa falsafa? Kwa nini kikao cha kwanza kilijaa na cha tatu kikawa na watu wanne? Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili unayetaka kuanza wiki ijayo uanze.

Majibu mafupi ni haya. Fedha karibu hazihitajiki. Mgeni usimwalike kwanza. Fani yoyote inafaa, na mara nyingi mwanafunzi wa uuguzi au wa uhandisi huleta swali ambalo hakuna mwingine angeliwaza. Na watu huacha kuja kwa sababu walikaa saa nzima bila kupata nafasi ya kufungua kinywa.

Ninaposema kikao, nina maana ya watu kumi hadi ishirini walioketi duara kwa saa moja na nusu, mbele yao kuna kitu kimoja cha utamaduni (shairi, methali, wimbo, vazi, picha) na swali moja linalotokana na kitu hicho. Mdahalo una mshindi, mhadhara una msemaji mmoja, tamasha lina watazamaji. Kikao hakina hata kimoja kati ya hivyo, na wengi wanaoshindwa huanza kwa kuvichanganya.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wenzako wawili. Mmoja wenu ataendesha mazungumzo, wa pili atashika saa, wa tatu atapokea watu mlangoni na kuandika kumbukumbu. Kazi hizi zizunguke kikao hadi kikao.
- Chumba chenye viti vinavyohamishika. Ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyofungwa sakafuni haufai hata ukipewa bure, maana watu watatazamana visogo.
- Mhadhiri mmoja atakayekubali kuwa mlezi. Humhitaji kikaoni kila mara, unamhitaji siku ofisi fulani itakapouliza ninyi ni nani.
- Karatasi, kalamu za kutosha kila mtu, na ubao au karatasi kubwa ya kubandika ukutani.
- Daftari moja la kumbukumbu litakalobaki na kikao hata wewe ukiondoka.

Kipaza sauti, projekta na fulana zenye nembo havihitajiki. Chuo kikidai katiba ili kuisajili klabu yenu, andikeni fupi: jina, lengo, nani anaweza kujiunga, viongozi wanapatikanaje, fedha zikiwepo zinatunzwa na nani. Nimeona vikundi vikimaliza muhula mzima vikibishania vifungu vya katiba bila kukutana hata mara moja kuzungumza.

Hatua ya 1: Pata kibali na chumba

Nenda kwenye ofisi inayoshughulikia mambo ya wanafunzi ukiwa na barua ya ukurasa mmoja yenye sahihi ya mlezi. Taja siku, saa, idadi ya watu na jina la anayewajibika. Omba chumba kwa muhula wote kwa mkupuo mmoja, usiombe kikao kwa kikao. Omba pia kilicho karibu na njia yenye taa, na kinachofikika bila ngazi. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hatakuandikia kulalamika, ataacha tu kuja.

Hatua ya 2: Funga siku na saa

Chagua siku moja, saa ileile, kila baada ya wiki mbili. Kila wiki ni nyingi kwa mwanafunzi, na mara moja kwa mwezi watu husahau. Hesabu ni rahisi: muhula ukiwa wa wiki 15, ondoa wiki ya kwanza ya pilikapilika na wiki tatu za mwisho za mitihani. Zinabaki 11, yaani vikao vitano au sita. Panga vitano. Anza kwa saa iliyotangazwa hata wakiwa wamefika sita, kwa sababu ukiwasubiri waliochelewa unawafundisha waliowahi wachelewe kikao kijacho.

Hatua ya 3: Chagua kitu cha kuweka katikati

Kitu hiki kiwe kifupi, cha kusomwa, kusikilizwa au kutazamwa kwa dakika zisizozidi kumi, na kisihitaji maandalizi nyumbani. Ukiwapa watu sura nzima ya kitabu waisome kabla ya kuja, nusu hawataisoma, na hao nusu wataona haya kuzungumza. Beti mbili za shairi zinatosha. Methali moja inatosha kabisa.

Bora zaidi ni methali mbili zinazopingana. Weka ubaoni "Mtoto wa nyoka ni nyoka", na chini yake "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Kabla hujasema neno, watu wameshaanza kugeukiana. Wahenga hawakukubaliana, na lugha imezihifadhi kauli zote mbili.

Epuka kuanza na onyesho la mavazi na ngoma. Si kwamba ni vibaya. Shida ni kwamba mtu aliyevaa vazi la kwao na kupigiwa makofi hawezi kulihoji dakika tano baadaye, wala mwenzake hatathubutu kumuuliza swali gumu. Vazi lilete, liweke mezani, lipitishwe mikononi, mwenye nalo aeleze linavaliwa lini na nani haruhusiwi kulivaa. Hapo kwenye "nani haruhusiwi" ndipo kikao kinapoanzia.

Hatua ya 4: Tunga swali

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Mimi hutumia karibu saa nzima kwa swali moja, na sijawahi kuujutia muda huo.

Swali baya la kwanza ni lile linalofanana na kichwa cha insha: "Umuhimu wa utamaduni katika jamii ya leo." Hakuna anayepinga, basi hakuna cha kuzungumza. Swali baya la pili ni kubwa mno: "Je, Mungu yupo?" Ni swali la heshima lenye historia ndefu, lakini kwa watu wasiofahamiana litageuka mahubiri upande mmoja na kejeli upande wa pili. Lisubiri mpaka watu wawe wameaminiana. Baya la tatu ni linalojibika kwa kutafuta kwenye simu.

Swali zuri lina sifa tatu. Mtu wa mwaka wa kwanza analielewa bila kufafanuliwa. Watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti. Na kila mmoja chumbani ana jambo la maisha yake linaloligusa. Jaribu haya:

- Je, unaweza kumsamehe mtu ambaye hajakuomba msamaha?
- Ikiwa tabia yangu imetoka kwa wazazi au kwa malezi, nalaumiwa kwa lipi?
- Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Je, anayeishika bila kuihoji yuko huru?
- Lugha ikibadilisha maneno yake mengi, bado ni lugha ileile?

La mwisho lina ndugu yake wa zamani. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anasimulia kuwa Waathene waliitunza meli ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakagawanyika kama ni meli ileile au nyingine. Kisa hicho ukisimulie kwa dakika mbili, kisha urudi kwenye lugha, maana lugha kila mtu anayo na meli hana.

Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote. Utamaduni ukiuacha peke yake hugeuka maonyesho, na falsafa ukiiacha peke yake hugeuka majina ya watu waliokufa. Kinachoviunganisha ni maswali mawili yanayofuatana. La kwanza: *kwenu husemwaje?* La pili: *wewe unasemaje, na kwa nini?*

Nimelipata hili kwa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuanzia miaka ya 1970 aliwafuata wazee waliosifika kwa hekima akawahoji. Aliona wapo wanaoijua mila ya watu wao barabara na kuisimulia bila kukosea, na wapo wanaoijua vilevile lakini wakibanwa kwa maswali huipima, huikosoa na kutoa sababu zao wenyewe. Wote aliwahesabu kuwa wenye hekima, ila hao wa pili ndio aliowaona wanafalsafa. Duara lako linaweza kufanya kazi hiyohiyo. Swali la kwanza linampa kila mtu mahali pa kusimama, hata mwenye haya, kwa kuwa anaeleza tu ya kwao. La pili linamwomba apige hatua moja kutoka hapo.

Onyo: usiruke swali la kwanza kwa haraka ya kufika kwenye la pili. Mtu asiyepewa nafasi ya kueleza ya kwao huona anashambuliwa anapoulizwa kwa nini.

Hatua ya 5: Tangaza

Tangazo liwe swali lenyewe kwa herufi kubwa, na chini yake siku, saa, chumba, na maneno "huhitaji kusoma chochote kabla ya kuja". Libandike kwenye mbao za matangazo na ulitume kwenye makundi ya simu ya madarasa. Halafu mwalike mtu mmojammoja kwa mdomo, wewe na wenzako, watano kila mmoja, wa fani tofauti. Watu kumi na watano walioalikwa ana kwa ana huzaa kikao kuliko tangazo lililosomwa na watu elfu.

Hatua ya 6: Panga chumba

Duara moja, bila meza katikati, bila kiti cha mbele. Anayeendesha akae popote isipokuwa karibu na ubao. Hesabu muda wa kuzungumza: mazungumzo ya dakika 45 kwa watu 15 ni dakika tatu kwa kila mtu, na wakiwa 30 ni dakika moja na nusu. Kwa hiyo wakizidi ishirini, fanya duara mbili, ya ndani na ya nje. Wa ndani wanazungumza kwa dakika ishirini, wa nje wanasikiliza na kuandika, kisha wanabadilishana viti.

Hatua ya 7: Fungua kwa kanuni chache

Dakika tano, zisizidi. Mimi hutumia kanuni nne na huziandika ubaoni.

1. Sema kutoka kwenye maisha yako au kwenye sababu, usiseme kutoka kwenye majina. Leonard Nelson, mwanafalsafa Mjerumani aliyeeleza mbinu ya mazungumzo ya Kisokrati (kufikiri kwa kuulizana maswali, kama alivyofanya Sokrati wa Ugiriki ya kale) katika mhadhara wake wa mwaka 1922, alitaka wanafunzi wafikiri wenyewe badala ya kuegemea kauli za wakubwa. Anayesema "kama alivyosema Kant", au mwanafalsafa mwingine maarufu, aulizwe kwa upole yeye mwenyewe anasemaje.
2. Kabla ya kumpinga mtu, rudia hoja yake mpaka yeye aseme "ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema". Mwanasaikolojia Carl Rogers aliipendekeza njia hii miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokuwa kwenye ugomvi. Inapunguza mwendo, na ndiyo faida yake.
3. Yaliyosemwa unaweza kuyatumia nje, nani aliyasema usimtaje. Taasisi ya Chatham House ya London imekuwa na kanuni hii tangu mwaka 1927, na inafaa chuoni kuliko popote kwa kuwa kila mtu ana simu yenye kamera. Hakuna kurekodi.
4. Kila mtu azungumze kwa lugha anayoimudu. Akikosa neno, aseme kwa lugha yake na mwenzake atafsiri. Mtu aliyelazimishwa lugha asiyoiweza huonekana hana mawazo.

Hatua ya 8: Endesha mazungumzo

Mpangilio wa dakika 90 ninaoutumia: tano za kuketi, tano za kanuni, kumi za kitu cha katikati, tano za kila mtu kuandika jibu lake kimyakimya, kumi za kuzungumza wawiliwawili, 45 za duara zima, kumi za kufunga.

Zile dakika tano za kuandika usizikate hata siku moja. Aliyeandika ana kitu mkononi, na aliyekwisha kukisema kwa jirani yake haoni ugumu kukisema mbele ya kumi na watano. Wasemaji wa haraka hukereka mwanzoni, lakini huzoea.

Duara likianza, kazi yako ni ndogo na ngumu. Uliza "unamaanisha nini unaposema heshima?" Uliza "una mfano?" Uliza "kuna anayeona vingine?" Usitoe maoni yako. Usiseme "vizuri sana" baada ya kila mchango, maana siku utakaponyamaza mtu atadhani amekosea. Usijibu swali lililoelekezwa kwako, lirudishe kwa duara.

Na kaa kimya. Mtafiti Mary Budd Rowe alipowachunguza walimu wa sayansi nchini Marekani, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1974, alikuta kwamba baada ya kuuliza swali walisubiri wastani wa sekunde moja tu kabla ya kuingilia. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Kwa swali zito subiri kumi. Zihesabu moyoni huku ukitazama chini. Utaziona ndefu kupita kiasi, na karibu kila mara sauti inayoivunja kimya hiyo ni ya mtu ambaye hajasema tangu mwanzo.

Andika ubaoni maneno machache tu: hoja mbili au tatu zinazopingana. Mazungumzo yakitangatanga, elekeza kidole ubaoni.

Hatua ya 9: Funga na uandike

Pitisha zamu mara moja. Kila mtu aseme sentensi moja: nimebadilisha nini, au nimebaki na swali gani. Anayetaka kupita apite. Usitoe hitimisho la kikao, kwa sababu likitoka kwa mwendeshaji litaonekana ndilo jibu lililokuwa likitafutwa. Kabla hawajatawanyika taja siku ya kikao kijacho na uwaombe wapendekeze maswali. Mwanafalsafa Mfaransa Marc Sautet, alipoanzisha mazungumzo ya falsafa ya Jumapili katika mkahawa wa Café des Phares mjini Paris mwaka 1992, aliyapata maswali kutoka kwa wahudhuriaji wenyewe, na mtindo huo ulienea nchi nyingi. Watu hurudi kwenye jambo walilochangia kulitunga.

Jioni hiyohiyo, ninyi watatu kaeni dakika kumi na tano. Andikeni kwenye daftari swali, idadi ya waliohudhuria, wangapi walizungumza, na mahali mazungumzo yalipokwama. Idadi ya waliozungumza ndiyo ya kuitazama. Thelathini waliohudhuria huku watano wakizungumza ni kikao dhaifu kuliko kumi waliozungumza wote.

Mambo yakikwama

*Mtu mmoja anazungumza bila kukoma.* Usimkatize kwa ukali. Mwambie: "Shikilia hapo, nataka tusikie mwingine kwenye hoja hiyohiyo." Akirudia, kikao kijacho mpe kazi ya kuandika kumbukumbu. Wengi wao wana mengi ya kusema na hawana pa kuyasemea, na kazi ya kuandika huwafanya wasikilize.

*Hakuna anayezungumza.* Mara nyingi swali ni baya au hukutoa muda wa kuandika. Rudisha watu wawiliwawili kwa dakika tano na swali dogo zaidi: "Ni lini mara ya mwisho hili lilikutokea?"

*Wanaume wanazungumza, wanawake wanasikiliza.* Mwombe mwanamke aanze, na mshika saa aandike zamu kwa siri. Ukiwaonyesha waandaaji hesabu hiyo baada ya vikao viwili, hakuna atakayebisha. Angalia pia saa yenyewe, kwani kikao kinachoisha usiku kinawafungia nje wengi.

*Hasira inapanda.* Simamisha, waombe wote waandike kwa dakika mbili hoja ya upande wasiokubaliana nao, kisha wawili wasome. Mtu akimdhalilisha mwenzake kwa kabila, dini, jinsia au ulemavu, hapo hakuna mjadala: mwambie papo hapo kwamba hilo haliruhusiwi, na baada ya kikao mfuate aliyeumizwa kabla ya kumfuata aliyeumiza.

*Mtu anaanza kulia.* Hutokea, hasa kwenye maswali ya msamaha na ya wazazi. Tangaza mapumziko ya dakika tano, mmoja wenu atoke naye. Jua mapema ofisi ya ushauri nasaha ya chuo iko wapi na hufunguliwa saa ngapi. Kikao si tiba, usijaribu kukigeuza.

*Kundi la siasa au la dini linataka kukitumia kikao.* Wakaribishe kama watu, si kama kundi. Bendera, vipeperushi na michango ya fedha vibaki nje.

*Wanataka mgeni maarufu.* Subiri hadi kikao cha tatu au cha nne. Niliwahi kumwalika msomi mmoja, akazungumza dakika 70 kati ya 90, na kikao kilichofuata tulibaki saba. Tangu hapo mgeni huketi kwenye duara kama wengine, hupewa dakika kumi, na huulizwa yale maswali mawili. Mzee anayeijua mila ya watu wake, au fundi anayejua kwa nini chombo chake hutengenezwa hivyo, huwa mgeni bora kuliko mwenye shahada tatu.

*Idadi inashuka.* Kushuka baada ya kikao cha pili ni kawaida, usibadilishe kila kitu kwa hofu. Zungumza na watatu walioacha, uwaulize sababu, na usijitetee. Wakibaki wanane wanaorudi kila mara, una kikao.

*Waanzilishi wanakaribia kuhitimu.* Muhula wa mwisho usiendeshe hata kikao kimoja. Keti kwenye duara, sema zamu yako ikifika, na daftari la kumbukumbu lishikwe na wa mwaka wa pili.